Mshika Kesi Mbili, Shamba Humponyoka



Leo siongei siasa. Naongea juu ya shamba. Najua wengi wenu mkisikia neno "mirathi" mnaona hayo ni mambo ya wazee, mnapita haraka mtafute video. Wallahi msipite. Siku baba atakapofumba macho, karatasi ya kwanza ya korti haitapelekwa kwa mzee wa mtaa. Itakuja kwako. Na kosa utakalofanya wiki hiyo linaweza kukutafuna miaka kumi.

Kosa lenyewe ni hili: unasikia ndugu yako amefungua kesi korti fulani, na wewe badala ya kwenda kumjibu hapo hapo, unakimbia kufungua yako korti nyingine. Naye akisikia, kunafunguliwa ya tatu. Shamba ni moja, marehemu ni mmoja, kaburi ni moja, lakini faili ni tatu. Msimamo wangu ni kwamba kesi moja ndiyo iendelee na nyingine zisimamishwe. Na wa kwanza kuomba zisimamishwe awe wewe, hata kama inayosimama ni kesi yako mwenyewe.

Najua hapo kuna watu washaanza kununa. Subirini kidogo, niwaeleze nilikotoka.

TULIVYOFIKA KORTI TATU

Wamunyu iko Machakos, barabara ya kwenda Kitui, ukishapita Masii. Ukiwataja watu wa Wamunyu kwa yeyote anayejua vinyago, atakupa habari za Mutisya wa Munge, aliyejifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ufundi huo kwao. Kutoka hapo kazi ikaenea kijiji kizima, na vijana wakatoka na tezo zao kwenda kutafuta wateja Nairobi na Mombasa. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alishukia Changamwe, akachonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii, akasilimu huko, akaoa huko. Lakini Wamunyu alikuwa ameacha mke na watoto, na hakuwatupa. Alikuwa akirudi, akalima, akapanda miti ya kuchongea kando ya mto ili wajukuu wasije wakakosa mbao.

Mimi ni wa nyumba ya Mombasa, lakini shule ya msingi nilisomea Wamunyu, nikilala kwa mke mkubwa wa babu. Tulikuwa tukimwita susu, kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya yao. Hakusilimu. Lakini Ramadhani aliamka kunipikia daku, na nikirudi shule na kiu ananiambia nikalale, jua literemke. Kwa hivyo nikisema "familia", nina maana ya nyumba zote mbili. Mkinisikia nikilaumu, jueni nalaumu watu wangu.

Babu alipofariki hakuacha wasia ulioandikwa. Aliacha shamba Wamunyu na ploti ndogo sokoni. Arubaini haijaisha maneno yakaanza.

Baba mkubwa wa Wamunyu alitangulia. Alikwenda kufungua mirathi, na alipoulizwa watoto wa marehemu ni kina nani, akataja wa nyumba moja tu. Sisi wa Mombasa hatukuwa kwenye karatasi. Hilo lilikuwa kosa kubwa na silitetei.

Sasa angalieni sisi tulivyofanya. Tulikuwa na njia iliyonyooka: kwenda kwenye faili lile lile, tuseme "jamani na sisi tupo", tuweke pingamizi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inaruhusu. Kifungu cha 68 ni cha pingamizi kabla idhini ya kusimamia mali haijatolewa. Kifungu cha 76 kinakuruhusu uombe idhini ifutwe hata baada ya kutolewa, kama ilipatikana kwa kuficha jambo kubwa. Hatukufanya hivyo. Ami yetu akasema, "Hao si Waislamu, tusiende kugombana nao kwao. Tuende kwa Kadhi." Tukapiga makofi. Nilikuwa kijana, na mimi nilipiga.

Tukafungua kesi ya pili Pwani. Wa Wamunyu hawakuja. Tukapata karatasi yenye majina ya warithi na mafungu yao. Tukafurahi kama tumeshinda vita.

Lakini baba mkubwa naye alikuwa ashauza kipande cha shamba kwa mtu wa nje. Mnunuzi alipoona majina mengine yanatokea, akakimbilia korti ya ardhi kuomba oda ya kumtoa yeyote aliye kwenye kipande chake. Na aliyekuwa kwenye kipande hicho alikuwa nani? Susu. Nyumba yake ilikuwa pale.

Hizo ni kesi tatu. Afisi ya ardhi ikaletewa karatasi mbili zinazopingana, na ikakataa kuandikisha lolote. Mawakili wanne. Tarehe za kutajwa kesi zikawa kila mwezi: mara hapa, mara kule, mara hakimu hayupo, mara faili haionekani. Susu hakujua kusoma. Karatasi zake zote, za korti hii na ile, alizifunga kwenye leso akazitia kwenye kiondo, na kila akiitwa alikibeba chote kwa sababu hakujua ni karatasi gani ya kesi gani. Kuna siku alikwenda korti isiyo yake akakaa mpaka saa kumi jioni.

Na kule mtoni, wakati sisi tunabishana ni nani mrithi, miti ya babu ikakatwa. Yote. Hakuna aliyejua amshtaki nani, maana kila upande ulikuwa na karatasi ya kusema shamba ni lake.

SHERIA INASEMAJE

Hapa ndipo nataka mtulie, kwa sababu jambo hili halifundishwi madrasa wala sekondari.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, kifungu cha 6, inakataza korti kuendelea kusikiliza kesi ikiwa jambo lile lile linalobishaniwa tayari liko kwenye kesi iliyotangulia, kati ya watu wale wale au wanaodai kupitia kwao, na kesi hiyo iko mbele ya korti yenye mamlaka Kenya. Soma tena hiyo sehemu ya "wanaodai kupitia kwao". Maana yake huwezi kumtuma binamu yako afungue kesi kwa jina lake ukafikiri umeikwepa sheria. Na aliyenunua shamba kwa mmoja wenu, madai yake yanapitia kwa huyo aliyemuuzia.

Mahakama ya Juu ililieleza jambo hili mwaka 2020, katika shauri lililoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Kwa ufupi, anayeomba kesi isimamishwe lazima aonyeshe mambo haya: kuna kesi zaidi ya moja juu ya jambo moja, moja ilitangulia, zote ziko mbele ya korti zenye mamlaka, na wanaobishana ni wale wale au wawakilishi wao. Na sababu ya sheria hii ni mbili: watu wasizichezee korti, na korti mbili zisije zikatoa maamuzi yanayogongana.

Muelewe pia kwamba kusimamishwa si kufutwa. Fikiria magari mawili yanafika kwenye daraja jembamba. Lililotangulia linapita, lingine linangoja. Halikurudishwa lilikotoka. Likibaki na safari yake baada ya lile kupita, litaendelea. Kinachoua kesi kabisa ni kitu kingine, kifungu cha 7, pale ambapo jambo lilishaamuliwa na korti yenye mamlaka na mtu anataka kulianzisha upya. Watu wengi wanachanganya hivi viwili, ndiyo maana wakisikia "kesi yako isimamishwe" wanadhani wameshindwa.

Na korti haiangalii jina ulilolipa karatasi lako. Unaweza kuandika hii ni kesi ya mirathi, ile ni ya kuvamia ardhi, ile ni ya katiba. Jaji ataangalia kiini: mnachogombania ni nini hasa? Kama jibu la kesi zote ni "shamba la mzee ni la nani", basi ni kesi moja iliyovaa nguo tatu. Ni kweli korti za mirathi zina kanuni zake tofauti, lakini nazo zina uwezo wa kuzuia mtu asizitumie vibaya.

Kuna jingine ambalo likinijia hunipa aibu mpaka leo. Kanuni za mwaka 2010, Amri ya 4, zinataka mtu anayefungua kesi ya madai aseme wazi ndani ya madai yake kwamba hakuna kesi nyingine inayoendelea kati yake na mwenzake juu ya jambo hilo, kisha aape kiapo kuwa aliyoyaandika ni kweli. Kiapo, ndugu zangu. Sisi tunaoambiana kila Ijumaa habari za kiapo cha uongo, tunasaini karatasi hiyo bila kuisoma, kwa sababu wakili ameweka alama ya penseli "saini hapa".

KADHI SI KICHAKA CHA KUJIFICHIA

Sasa niseme lililo gumu kwetu sisi wenyewe.

Mahakama ya Kadhi tumeipigania. Wakati wa kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti 2010, kulikuwa na watu waliozunguka nchi nzima wakitaka itolewe kwenye Katiba. Haikutolewa. Iko, ibara ya 170. Lakini ni wangapi kati yetu tumeisoma ibara hiyo mpaka mwisho? Inasema Kadhi anasikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka ya Kadhi. Wote. Na wamekubali.

Sisi tulimpelekea Kadhi kesi ambayo nusu ya wahusika si Waislamu na hawakukanyaga kizingiti chake. Kwa mikono yetu wenyewe tukaifanya mahakama tuliyoipigania itoe karatasi isiyoweza kuwafunga wale tuliowakusudia. Halafu tukalaumu serikali.

Na hapa kuna tofauti ambayo kila kijana Muislamu wa Kenya anapaswa kuijua. Sheria inayogawa mali ni kitu kimoja, na korti inayoisikiliza kesi ni kitu kingine. Sheria ya Urithi, kifungu cha 2(3), inasema mali ya mtu aliyekufa akiwa Muislamu inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Hilo halibadiliki kwa sababu faili liko kwa hakimu au kwa jaji wa Mahakama Kuu. Mafungu yaliyotajwa katika Surat An-Nisaa hayapotei ukivuka mlango wa korti ya kawaida. Nani ni mrithi na nani si mrithi katika familia iliyochanganyika kama yetu ni mjadala mzito, na leo siuingii. Ninachosema ni kwamba mjadala huo ufanyike mbele ya korti moja, watu wote wakisikia.

Niseme na upande wa pili, maana najua mnawajua. Kuna Waislamu watupu, baba Muislamu, mama Muislamu, watoto wote Waislamu, na mambo yako kwa Kadhi vizuri kabisa. Ndugu mmoja akipiga hesabu akaona fungu lake dogo, anakimbilia korti nyingine kufungua faili jipya kimyakimya. Na kuna wengine, hasa ndugu wa kiume, wanamkimbia Kadhi kwa sababu Kadhi atawapa dada zao haki yao na wao hawataki dada wapate hata mguu mmoja wa ardhi. Huyo na ami yangu hawana tofauti. Wote wanatafuta korti kama mtu anavyotafuta duka la bei nafuu.

"LAKINI KUSIMAMISHA NI KUCHELEWESHA HAKI"

Hoja hii nimeisikia sana na si ya kupuuza. Mtu anauliza: itakuwaje kama mwenzangu ametangulia kufungua kesi kwa makusudi, ili akae nayo? Yeye ndiye anaishi kwenye shamba, yeye ndiye anakula kodi ya ploti. Kesi yake iende polepole miaka kumi, na yangu isimamishwe eti kwa sababu nilichelewa wiki moja?

Ni swali la haki. Lakini sheria haikumuacha mtu huyo peke yake.

Kwanza, kutangulia peke yake hakutoshi. Ile kesi ya kwanza lazima iwe kwenye korti yenye mamlaka. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 1989, katika kesi ya meli ya Lillian S, kwamba korti isiyo na mamlaka haiwezi kupiga hata hatua moja mbele. Kwa hivyo mtu hawezi kuikimbilia korti isiyofaa ili awe "wa kwanza" na kukufungia mlango. Na tangu kesi ya Uganda ya mwaka 1968, Kagenyi na Musiramo, korti zetu zinafuata kwamba kesi iliyofunguliwa kwenye korti isiyo na mamlaka haiwezi hata kuhamishwa kwenda kwenye korti sahihi. Inabidi uanze upya. Hiyo ndiyo hasara ya kukimbia bila kuangalia.

Pili, wewe uliye kwenye kesi ya kwanza kama mshtakiwa au mpinzani si mtazamaji. Unaweza kuleta madai yako humo humo. Unaweza kuomba ratiba. Na kesi ya madai ikikaa mwaka mzima bila mtu kuchukua hatua yoyote, Amri ya 17 inairuhusu korti kuwaita wenyewe waeleze kwa nini isitupwe.

Tatu, na hili ndilo lingeokoa miti ya babu, kinachosimama ni usikilizaji wa kesi ya pili. Ulinzi wa mali hausimami. Unaweza kuomba hali ibaki kama ilivyo: asiuze mtu, asijenge mtu, asikate mtu. Unaweza kuweka zuio kwenye rejista ya ardhi chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Na mali ya marehemu tayari ina ulinzi wake: kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamfanya anayejiingiza kwenye mali hiyo bila idhini kuwa mkosaji wa jinai, na kifungu cha 82 kinamkataza msimamizi kuuza ardhi kabla idhini yake haijathibitishwa na korti. Ulinzi huu wote ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Hatukuutumia kwa sababu tulikuwa tumeshughulika na kufungua mafaili.

Na kama kesi zenu hazifanani kabisa kiasi cha kusimamisha moja, kuna njia ya kuziunganisha zisikizwe pamoja. Tarehe 13 Mei 2021 Mahakama Kuu ilipotoa hukumu ya BBI, ilikuwa imeunganisha maombi manane ya watu tofauti na kuyasikiliza kama jambo moja. Mambo ya wakubwa yaliunganishwa yakaisha kwa miezi. Mambo ya susu yalikuwa kwenye korti tatu kwa miaka.

Ile hoja ya kuchelewesha basi mimi naigeuza. Kinachochelewesha haki ni kesi ya pili. Ya kwanza ingeisha.

TULIVYOTOKA

Aliyetutoa ni wakili kijana aliyekuja kufanya mafunzo ya sheria ya bure. Alituuliza swali ambalo mawakili wanne hawakutuuliza: "Mna kesi ngapi kwa jumla, na ipi ilifunguliwa lini?" Akachora kwenye karatasi moja, safu tatu. Tarehe, korti, wahusika, kinachoombwa. Ami alipoiona ile karatasi alinyamaza muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona yote kwa pamoja.

Ushauri wake ulikuwa mchungu. Ile kesi yetu ya Pwani tuiondoe sisi wenyewe. Twende kwenye faili la mirathi la baba mkubwa, tuombe idhini yake ifutwe kwa sababu alificha warithi. Na kwenye korti ya ardhi, tuombe kesi ya mnunuzi isimame mpaka mirathi iamue kama baba mkubwa alikuwa na haki ya kuuza, na hadi wakati huo susu asiguswe.

Ami aligoma. Akasema kuondoa kesi ni kujidhalilisha. Mabishano yakachukua miezi. Mwishowe alikubali, na si kwa hoja za wakili. Alikubali baada ya kwenda Wamunyu mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaona visiki.

Korti ya ardhi ilikubali. Kesi ya mnunuzi ikasimamishwa, oda ya hali kubaki ilivyo ikatolewa. Na sasa baba mkubwa na ami, waliokuwa wakipigana kupitia karatasi bila kuonana, wakajikuta wameitwa kwenye chumba kimoja, tarehe moja. Hapo ndipo sulhu ilipoanza. Kwenye veranda ya korti, wakati wa chai. Katiba yenyewe, ibara ya 159, inataka korti zikuze upatanishi na njia za kimila za kumaliza ugomvi, lakini huwezi kupatanisha watu ambao kila mmoja yuko mji wake na karatasi yake.

Siwadanganyi kwamba tulipata kila kitu. Kipande cha shamba kilikwenda, tukakubaliana na mnunuzi ili mambo yaishe. Miti haikurudi. Na susu hakuona mwisho. Alifariki kesi yake ikiwa imesimamishwa, ndani ya nyumba yake mwenyewe, bila mtu kumtoa. Mimi kwangu hilo si dogo. Kama ile kesi ingekuwa inaendelea, angekufia kwa watu.

Tulipofungua kiondo chake tulikuta zile karatasi, bado zimefungwa kwenye leso.

KABLA HUJAFUNGUA FAILI

Kijana, siku yako ikifika, fanya hivi.

Uliza kwanza: kuna kesi yoyote ishafunguliwa juu ya mali hii? Nenda kwenye masijala ya korti iliyo karibu na mali, uulize kwa jina la marehemu. Mirathi inatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, angalia na huko.

Kama ipo, iulizie mamlaka yake. Wahusika wote ni Waislamu na wamekubali? Basi Kadhi. Kuna asiyekuwa Muislamu au aliyekataa? Basi korti ya mirathi ya kawaida, na uombe mali ya Muislamu igawanywe kwa sheria yake. Ubishi ni na mtu wa nje kuhusu umiliki wa ardhi yenyewe? Hapo ndipo Korti ya Mazingira na Ardhi inaingia.

Kama korti ni sahihi, ingia kwenye faili hilo hilo hata kama hulipendi. Usifungue lako.

Kama ushafungua, chora safu zako kwenye karatasi moja, umwonyeshe jaji kesi zote bila kuficha, uombe moja iende na nyingine zisimame. Omba na ulinzi wa mali siku hiyo hiyo.

Na ukipewa kiapo cha kusema hakuna kesi nyingine, kisome kabla hujasaini.

Wazee wetu walisema mshika mbili moja humponyoka. Sisi tulishika tatu. Kama mna ami anayesema "tuwafungulie na sisi", mtumieni ujumbe huu leo, msingoje arubaini.

Wabillahi tawfiq.